Sehemu Mbili kati ya Tatu

Wiki moja baada ya Idi, kitanda cha kupimia wajawazito katika zahanati moja ya kata ya Ruaruke kilihamishwa, kwa sababu bati lilikuwa limeanza kuvuja upande wa dirishani. Kikasogezwa hadi ukuta wa pili. Lilikuwa jambo dogo tu. Lakini kwa Waride binti Sufiani, mkunga mwenye miaka kumi na saba kazini, ndilo lililomfanya siku ile ainame kutoka upande asiouzoea, na badala ya sikio la kulia akatega la kushoto.

Kitandani alilala Salwa, mimba ya kwanza, miezi minane. Waride alishapapasa tumbo na kujua mgongo wa mtoto ulipo. Akaweka fetoskopu, ile tarumbeta ndogo ya aluminiamu ya kusikilizia moyo wa mtoto, akainamisha kichwa, akasubiri yale mapigo ya mbiombio.

Hakusikia kitu.

Akasogeza chombo vidole viwili chini. Kimya. Akakipeleka upande wa kitovu. Kimya vilevile. Katika miaka yote ile alikuwa amekutana na kimya cha namna hiyo mara nne, na mara zote nne hakikuwa na maana mbili.

"Vipi, nesi?" Salwa aliuliza. "Mbona uso umebadilika?"

"Subiri kidogo, mwanangu. Usiongee."

"Lakini asubuhi amecheza. Wallahi amecheza, hata mama yangu aliweka mkono."

Waride alitoka hadi barazani akamwita Zaidi, tabibu wa zahanati. Zaidi akaingia akifuta miwani, akainama, akafumba macho, kisha akatazama saa yake. Waride hakuutazama mkono wa saa. Alimtazama yeye usoni.

"Mia moja arobaini na mbili," Zaidi akasema, akiinuka. "Moyo unadunda barabara. Dada Waride, wewe ulikuwa unasikiliza wapi?"

"Hapohapo."

"Labda kidude kimeingia uchafu."

"Labda."

Salwa akacheka na kulia kwa pamoja, akajifunika uso kwa kanga. Waride naye akacheka, akamshika mkono, akamwandikia tarehe ya kurudi. Kisha akaenda chumba cha stoo, akafunga mlango, akasugua kidole gumba na cha shahada karibu na sikio la kulia. Alisikia ngozi ikikwaruzana. Akahamisha mkono upande wa kushoto, akasugua tena, akasugua kwa nguvu. Hapakuwa na kitu ila mvumo wa mbali, kama wa friji iliyoko nyumba ya jirani. Akakaa juu ya boksi la glovu. Hofu aliyokuwa nayo kwa ajili ya mtoto wa Salwa ilikuwa imekwisha. Hii iliyokuja sasa ilikuwa yake mwenyewe.

Mambo mengi yakamjia pale kwenye boksi. Kwa nini simu huishika kulia siku zote. Kwa nini mumewe, Huseni, humwita mara mbili mbili wakiwa mezani. Kwa nini kwenye harusi moja kule Mtawanya alimuudhi shemeji yake kwa kutomwitikia, akaambiwa anaringa.

Na likaja la baba yake. Mzee Sufiani aliuza vitambaa Kibiti mjini, katika ukoo wa wafanyabiashara wa tangu zamani, watu ambao babu zao walishusha nguo na chumvi kandokando ya mto na kupakia mpunga. Jioni alipiga fidla katika klabu ya taarabu. Watoto wake wa kiume hawakuitaka ile fidla, akamfundisha binti, akiwa na miaka tisa. Waride alipofika sekondari, baba alianza kuwaambia wateja waseme kwa sauti. Alilaumu vumbi, baadaye akalaumu nta, akawa anatiwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Alipofika miaka hamsini na tano alikuwa hamsikii mtu, ila fidla aliendelea nayo peke yake chumbani, ameibana kidevuni kwa nguvu mpaka ngozi ya taya ikaota sugu. Watu walisema ni uzee. Waride alisomea uuguzi na hakuwahi kujiuliza ni uzee gani huo unaomfika mtu kijana vile.

Saa kumi ya siku hiyohiyo simu yake ikaita. Alikuwa Mwalimu Abdulrazaq.

Huyu alizaliwa Dimani, akakulia Dar es Salaam, akasomea muziki nje, akarudi kufundisha na kuongoza okestra. Miaka sita nyuma alikuja Kibiti na kinasa sauti, akikusanya nyimbo za harusini za ukanda wa mto, akamkuta Waride anapiga fidla katika kikundi cha taarabu cha akina mama. Alimrekodi siku nzima. Kutokana na alichokipata akatunga koncheto, yaani kazi ndefu ambamo mpigaji mmoja husimama mbele na okestra nzima ikawa nyuma yake, mara wakijibizana, mara wakisukumana. Ilikuwa na sehemu tatu. Alisema ameitunga kwa mkono wa Waride na hataki mwingine awe wa kwanza kuipiga. Mwaka mzima Waride aliisoma kwa sikio, kipande kwa kipande, kwenye simu, baada ya kazi na kabla ya kupika.

Sasa onyesho lilikuwa limepata siku, Jumamosi ya mwisho wa Aprili, kwenye ukumbi mpya wa shule moja hapo Kibiti.

"Dada Waride, ratiba imebanwa," Mwalimu alisema. "Hotuba nyingi, na mgeni rasmi ana safari. Tumepewa nusu saa. Sehemu tatu haziingii. Lazima tuache moja."

"Ipi?"

"Hilo nakuachia wewe. Wewe ndiye unayesimama. Nipe jibu kabla ya Ijumaa nichapishe karatasi za wapigaji."

Hapo ndipo angeweza kumwambia. Maneno yalifika hadi mdomoni. Lakini akawaza mwaka mzima wa kujifunza, akawaza pia kwamba likisemwa kwa Mwalimu litasemwa na kwa Zaidi, na mkunga asiyesikia ni mkunga wa nini? Akasema, "Sawa Mwalimu, nitakujulisha."

Zilikuwa siku tatu za kuchagua, na hakuchagua kama mpiga muziki. Alichagua kama mtu anayetafuta pa kujificha.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ndefu, dakika kumi na tano, yenye tarumbeta na ngoma na vinanda vyote kwa pamoja. Ya pili ilikuwa ya taratibu. Ilianza na yeye peke yake, dakika mbili nzima, bila chombo kingine hata kimoja, akipiga ule wimbo usio na maneno ambao baba yake alipenda kuupiga akishamaliza kula. Kisha selo moja, ile fidla kubwa ya sauti nzito inayopigwa mtu akiwa ameketi, ilimjibu, wakaenda pamoja polepole hadi mwisho. Ya tatu ilikuwa ngoma ya harusi, ya kasi, ya kuchekesha.

Usiku wa kuamkia Ijumaa hakufumba macho vizuri, na kulipokucha alikuwa ameshaamua. Kwenye kelele mtu mwenye kasoro haonekani. Kwenye ile ya pili, watu mia tano wamekaa kimya wanamsikiliza yeye tu, kila kosa litakuwa uchi. Akatuma ujumbe: ya kwanza na ya tatu.

Mwalimu akaandika: "Sawa. Nilidhani utaitaka ya pili kuliko zote."

Huseni, mumewe, mkulima wa korosho na ufuta, hakujua noti hata moja lakini alikuwa amezisikia sehemu zote tatu mara mia kupitia ukuta wa jikoni.

"Hiyo ya marehemu baba mbona umeiacha, Mama Ridhiwani?"

"Ndefu."

"Si ndiyo fupi kuliko zote?"

Waride akageukia mchele wake akauosha maji ya tatu.

Mazoezi na okestra nzima yalikuwa Dar es Salaam, Jumamosi ya katikati ya Aprili. Watu arobaini walikuwa wamekaa nusu duara, wengi wao hajawahi kuwaona. Alioneshwa mahali pa kusimama, mbele kabisa, uso kwa viti vya wasikilizaji. Mwalimu alikuwa kushoto kwake. Nyuma ya Mwalimu, kushoto zaidi, walikaa wapiga selo. Upande wote uliokuwa na mambo ya kusikia ulikuwa upande wake uliokufa.

Wakaanza sehemu ya kwanza. Fidla yake mwenyewe aliisikia vizuri, maana sauti yake ilipita kwenye mfupa wa taya ikaingia kichwani moja kwa moja, kama ilivyokuwa siku zote, na ndiyo sababu kwa miaka hakugundua chochote. Waliopotea ni wengine. Mahali alipotakiwa kungoja selo zimalize maneno yao ndipo aingie, hakuzisikia selo, akaingia mapema. Mwalimu akasimamisha. Wakarudia. Akachelewa. Wakarudia. Mara ya tatu aliingia sawasawa lakini okestra ilikuwa imepanda sauti kidogo wakati yeye amebaki palepale, na zile sauti mbili zikasuguana mpaka mpiga filimbi mmoja akakunja uso.

Mwalimu akasema kitu. Waride aliona midomo tu.

"Ndiyo," akajibu.

Wapigaji wawili wakatazamana. Baadaye aliambiwa kwamba swali lilikuwa, "Unataka tuanzie wapi?"

Akaomba ruhusa, akaweka fidla kwenye kiti, akatoka hadi choo cha wanawake, akafungua bomba, akasimama tu mbele ya maji yanayotiririka bila kunawa. Aliogopa kurudi mle ndani, na kila akifikiria kurudi kwao bila kupiga aliogopa zaidi.

Mtu akamgusa bega la kulia. Akaruka.

"Samahani dada. Nimekuita mara tatu."

Alikuwa mwanamke wa rika lake, mpiga selo wa kwanza. Jina lake Amal, mwalimu wa hesabu ambaye muziki aliufanya siku za mapumziko.

"Sikukusikia. Maji."

"Hata kule ndani nilikuita. Nilikuwa kushoto kwako, karibu hivi." Amal alimtazama kidogo, kisha kwa upole akauliza, "Sikio hilo halifanyi kazi?"

Waride alifunga bomba. Hakuwa amemwambia mumewe wala dada yake, na sasa alikuwa ameulizwa na mtu ambaye hata jina la baba yake hakulijua. Labda ndiyo sababu iliwezekana.

"Halifanyi," alisema. "Nimejua juzi tu. Naomba usimwambie mtu."

"Mimi sitasema. Lakini wewe utasema?"

"Nikisema nitatolewa."

"Inawezekana," Amal akasema. "Na usiposema tutarudia pale penye selo mpaka jioni."

Waliporudi, Waride alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu kabla miguu haijabadili mawazo. Akamwambia mbele ya watu walio karibu, kwa maneno machache. Sikio la kushoto halisikii. Kwa hiyo ile ya kwanza hawezi.

Mwalimu Abdulrazaq akavua miwani. Hakuwa mtu wa kupaka maneno sukari.

"Ungeniambia mwezi uliopita ningemtafuta Ismaily ajifunze," alisema. Ismaily alikuwa kijana wa fidla za kwanza, amekaa hatua mbili kutoka hapo, akajifanya anakaza nyuzi. "Hata sasa anaweza kuipiga ya kwanza akiwa na karatasi mbele yake."

"Najua."

"Sehemu ya pili unaijua yote?"

"Naijua."

"Hebu piga. Mwanzo tu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, dada."

Hakupata nafasi ya kuogopa kwa utaratibu. Akachukua fidla, akaibana kidevuni, upinde ukatetemeka kwenye sauti ya kwanza kama mtu anayesema kwa meno yanayogongana. Kisha ukatulia. Hapakuwa na wa kumngoja wala wa kumkuta mapema. Kulikuwa na yeye na mfupa wake wa taya. Akapiga hadi mwisho wa zile dakika mbili.

Mwalimu alikuwa anapekua karatasi zake. "Tunapiga ya pili na ya tatu," akasema. "Selo hamieni kulia kwake. Dada Waride, wewe simama huku upande wangu wa pili, unione na unisikie. Amal, ukimjibu, uinue upinde juu auone." Kisha, akiwa ameshageukia wengine, akaongeza, "Na hospitali uende."

Jioni hiyo alimwambia Huseni. Yeye akasema, "Kumbe hukuwa unanipuuza." Alikuwa ameibeba hiyo miaka miwili bila kuisema.

Jumatatu alimwambia Zaidi, na hili ndilo lililomtisha kuliko okestra. Alisimama mbele ya meza yake kama mwanafunzi. Zaidi hakukasirika, lakini pia hakulipuuza.

"Itabidi niandike, dada yangu. Siwezi kunyamazia jambo hili."

"Andika."

"La kulia je?"

"La kulia linasikia. Kwa leo."

"Basi mpaka upimwe, kila moyo tunausikiliza watu wawili. Wewe unasikiliza, na mimi nasikiliza."

Ikawa hivyo. Kila alipotega sikio la kulia alijikuta anahesabu kwa wasiwasi, akishuku hata alichokisikia, na kila Zaidi aliposema namba ileile aliyoiandika yeye, alishusha pumzi.

Jumamosi ya onyesho ilifika na mawingu mazito. Ukumbi ulikuwa mpana, ukuta umepakwa rangi mpya, juu bati tupu bila dari. Watu walijaa mpaka kwenye madirisha: wafanyabiashara wa Kibiti na wake zao waliovaa vizuri, walimu, wakulima waliotoka Mtawanya na Dimani, akina mama wa kikundi chake cha taarabu waliokuja na sare yao ya kijani. Hotuba zilichukua muda wa saa mbili. Waride alisubiri kwenye darasa la jirani, fidla mapajani. Alikwenda kujisaidia mara tatu. Alisoma kila dua aliyoijua ya kuondoa woga, akaanza tena ya kwanza.

Wakamwita. Alitembea kupita katikati ya wapigaji, akafika mahali pake pa upande wa pili, akainua macho na kuona sura mia tano, nyingi akizijua. Wengine alikuwa amewazalisha. Mwalimu Abdulrazaq akampa ishara ya kichwa, aanze anapotaka.

Alianza. Sauti ya kwanza ilikatika, akairudia kana kwamba ilikuwa imekusudiwa. Akaenda polepole. Alisikia mtu akikohoa kulia, alisikia kiti kikisogezwa, na sauti hizo zilimpa moyo kwamba sikio zima bado lipo. Akamaliza dakika zake mbili. Amal akainua upinde, selo ikamjibu, nzito na karibu, na Waride akaingia juu yake. Wakaenda pamoja.

Halafu selo ikapotea.

Haikupungua kidogo kidogo. Ilifunikwa kwa mara moja na mvumo mkubwa uliojaza kichwa chote. Akageuza sikio la kulia kuelekea kwa Amal. Mvumo. Akatafuta fidla zilizo nyuma yake. Mvumo tu. Akajua, kwa uhakika wa kutisha, kwamba saa imefika, sikio la pili nalo limekwenda, hapahapa, mbele ya watu wote hawa, kama la baba yake lilivyokwenda. Akawaza zahanati. Akawaza sauti ya mwanawe Ridhiwani, aliye shule ya bweni, kwenye simu kila Jumapili. Machozi yakaanza kumtoka bila kelele.

Hakuacha kupiga. Baadaye watu walimsifu kwa hilo na yeye aliwakatalia, kwa sababu haukuwa ujasiri. Aliogopa kusimama. Aliona kwamba akisimama tu itakuwa kweli. Fidla peke yake ilikuwa imebaki, ikimwimbia kwenye mfupa, safi kabisa, kila sauti mahali pake, akaishikilia hiyo kama mtu aliyeshika ukingo wa mtumbwi. Akapiga sehemu yake, akaacha nafasi za selo kwa kuzihesabu, akaendelea.

Alipopepesa macho yaliyojaa machozi aliuona upinde wa Amal umelala magotini. Amal hapigi. Akamtazama Mwalimu, mikono yake ilikuwa imeshuka. Hakuna aliyekuwa akipiga katika okestra nzima. Watu wa viti vya nyuma walikuwa wameinua nyuso kutazama juu, mama mmoja ameziba masikio kwa viganja, na kupitia mlango uliokuwa wazi Waride aliona uwanja wa shule umekuwa mweupe kwa maji.

Ilikuwa mvua. Mvua ya masika juu ya bati tupu. Hakuna aliyekuwa anamsikia mwenzake, na ndiyo maana waliosikia vizuri walishindwa wote kuendelea.

Kilichomjia si furaha. Ilikuwa hofu ileile, imegeuka maji mwilini. Lakini mwisho wa sehemu ya pili ulikuwa umebaki mistari michache, na mkono ulikuwa bado unakwenda, akaufikisha. Waliomsikia ni safu mbili za mbele labda, na Amal, aliyesogeza kiti mpaka akamkaribia kabisa. Wengine waliona tu mwanamke analia na kupiga fidla isiyotoa sauti. Wakapiga makofi, nayo hayakusikika.

Mvua ilipiga dakika arobaini. Mgeni rasmi akafunikwa mwavuli akaondoka. Sehemu ya tatu haikupigwa.

Mwezi wa tano Waride alikwenda hospitali ya Dar es Salaam na Huseni. Daktari wa masikio alichukua chuma chenye ncha mbili, akakigonga, akakishika mbele ya sikio la kushoto. Kimya. Akakigusisha kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, na chuma kikaimba ndani ya kichwa chake.

"Hiyo ni noti ya do," Waride akasema.

Daktari akacheka, akasema wagonjwa wake huwa wanamjibu nasikia au sisikii. Kisha akaeleza. Mshipa wa kusikia ulikuwa mzima. Kijifupa kidogo ndani ya sikio ndicho kilichoganda, na ugonjwa huo hutembea ndani ya familia. La kulia nalo lilikuwa limeanza, bado kidogo sana. Palikuwa na upasuaji ambao kwa wengi hufanikiwa. Kwa wachache sikio hupotea kabisa. Kwa sasa angeweza kuvaa mashine ndogo ya kusaidia kusikia.

"Wachache ni wangapi?" Huseni aliuliza.

Daktari akamtajia, na Waride, aliyekuwa amewaambia akina mama wengi namba za namna hiyo kwa sauti ya kutuliza, akagundua kwamba hazitulizi.

Aliivaa mashine. Wiki za kwanza kila kitu kilimshtua: sufuria, nzi, ufagio wa jirani. Zahanati ilimpa barua kwamba aendelee na kazi kwa utaratibu uleule wa watu wawili, na mwezi wa saba kikaja kipimo cha betri kinachotoa mapigo ya moyo wa mtoto kwa spika, chumba kizima kikasikia.

Agosti, ardhi ikiwa imekauka, okestra ilirudi Kibiti kumaliza deni la onyesho. Safari hii hapakuwa na hotuba. Mwalimu aliuliza kama wapige zote tatu, Waride akasema hapana, ya kwanza bado, wapige ya pili na ya tatu kama walivyopanga. Aliogopa vilevile. Alikwenda kujisaidia mara tatu vilevile. Ya pili ilipita bila kosa, ukumbi kimya, na Huseni alionekana safu ya nne akijifuta uso kwa kofia yake.

Kwenye ya tatu alikosea. Kipande cha kasi kilimponyoka, vidole vikaruka mapigo kadhaa, na kwa muda yeye na okestra walikuwa watu wa harusi mbili tofauti. Akamtazama Mwalimu kwa macho ya kuomba msaada. Lakini akina mama wa sare ya kijani walikuwa wameshainuka. Walikuja mbele wakicheza, kama wanavyofanya harusini, wakapita katikati ya wapigaji kumtunza, mmoja akamtupia kanga mabegani, mwingine akapiga kigelegele upande wa kushoto na mashine ikalia kwa nguvu sikioni. Mpiga tarumbeta wa Dar es Salaam alisogeza kiti chake kwa mshangao kuwapisha. Mwalimu Abdulrazaq akaongeza mwendo, Waride akaudaka ulipofika mahali anapopajua, wakaendelea.

Upasuaji wa sikio la kushoto umepangwa Novemba. Waride anaogopa, na halifichi hilo tena kwa mtu. Amal ameomba ruhusa kazini ili akae naye wodini siku mbili za mwanzo, na Ridhiwani, atakayekuwa amerudi likizo, atabaki nyumbani na baba yake.